Fonti yako ndani ya visanduku vya kuandikia: mwongozo kwa watengenezaji wa programu za simu

Chukua fomu ya kusajili wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi, mkoani Dodoma. Ina visanduku vitano: jina, kijiji, namba ya simu, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na nywila ya afisa anayesajili. Mtengenezaji ameweka fonti aliyoichagua, amefungua programu kwenye simu, na vichwa vyote vinapendeza. Kisha anaanza kuandika. Kisanduku cha nywila kinaonyesha fonti nyingine kabisa. Kidokezo cha "Andika jina la kijiji" kimebaki na fonti ya simu. Na akiandika Ng'hong'onha, ritifaa zinatokea nyembamba kuliko herufi zilizo pembeni yake, kama zimeazimwa kwingine. Ndivyo ilivyo, zimeazimwa.

Kisanduku kimoja cha kuandikia kimebeba maandishi ya aina tano au sita: anachoandika mtumiaji, kidokezo kinachoonekana kikiwa tupu, lebo inayopanda juu akianza kuandika, ujumbe wa kosa, maelezo ya chini, na vitone vinavyoficha nywila. Mifumo mingi huyapa kila moja mtindo wake. Ukiweka fonti mahali pamoja, mengine hayaipati. Tofauti nyingine kubwa ni kwamba kwenye kichwa cha skrini unajua maneno yatakayotokea, lakini kwenye kisanduku hujui. Mtu ataandika jina lake, la babu yake, la kitongoji chake, kwa lugha ya kwao. Kwa hiyo kazi inaanza kwenye fonti yenyewe, kabla ya mstari wowote wa msimbo.

Ichunguze fonti kwanza

Kiswahili sanifu hakina herufi zenye alama juu, na hilo huwadanganya wengi wakadhani fonti yoyote ya Kilatini inatosha. Mkoani Dodoma na Singida haitoshi. Ritifaa peke yake ina sura tatu kwenye kompyuta, kila moja na namba yake ya Unicode: ile iliyonyooka (U+0027), ile iliyopinda (U+2019), na ile inayohesabiwa kuwa herufi (U+02BC). Kibodi tofauti hutoa sura tofauti, na baadhi ya fonti za mapambo zina ya kwanza tu.

Kilangi cha Kondoa huandikwa kwa irabu saba, na kati yake zimo ɨ na ʉ. Kinyaturu cha Singida nacho kinazitumia. Herufi zake kubwa ni Ɨ na Ʉ, na hizi ndizo husahaulika zaidi: fonti ina ɨ ndogo kwa sababu imo kwenye alama za fonetiki, lakini kubwa haimo. Kisandawe cha Chemba kina vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, na wanaisimu huviandika kwa ǀ, ǁ na ǃ. Kama programu yako ni ya kukusanya msamiati, kufundisha kusoma, au kusajili majina jinsi wenyewe wanavyoyaandika, hizi zote zitapita kwenye visanduku vyako.

Huna haja ya kuzitafuta kwa macho. Sakinisha fonttools kwa `pip install fonttools`, kisha tengeneza faili dogo la Python:

```
from fontTools.ttLib import TTFont

ramani = TTFont("fonti_yangu.ttf").getBestCmap()
lazima = [0x27, 0x2019, 0x2BC, 0x268, 0x289, 0x197, 0x244,
          0x1C0, 0x1C1, 0x1C3, 0x2022, 0x2026]
print([hex(n) for n in lazima if n not in ramani])
```

Ikichapisha mabano matupu, fonti ina herufi zote hizo. Ikichapisha `0x2022`, haina kitone kinachoficha nywila. Ikichapisha `0x197`, mtu wa Kondoa ataona Ɨ ya fonti nyingine katikati ya jina lake. Simu haitaonyesha kosa lolote: itaazima herufi hiyo kwenye fonti za mfumo na kuendelea, na ndiyo maana tatizo hili hupita bila kuonekana hadi programu imefika kwa watu.

Kuazima huko kuna athari ya pili. Fonti iliyoazimwa huwa na kimo chake cha mstari. Kwenye Android 9 na kuendelea, mstari hupanuka ili herufi ngeni isikatwe, kwa hiyo kisanduku hurefuka ghafla mtu anapobonyeza herufi moja, na visanduku vya chini husukumwa. Ukiona fomu inaruka kidogo wakati wa kuandika, tafuta herufi iliyokosekana kabla hujaanza kuhangaika na mpangilio wa skrini.

Kwa kazi za huku, Andika, fonti ya shirika la SIL, inafaa sana, na jina lake limetokana na neno letu wenyewe. Ilichorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Umbo la a ni lile la kuandika kwa mkono, na I kubwa, l ndogo na 1 hazichanganyiki. Noto Sans nayo ina herufi nyingi. Zote mbili zina leseni huria ya SIL, inayokuruhusu kuziweka ndani ya programu, hata ile unayoiuza. Fonti za kununua ni habari nyingine: leseni ya kutumia kwenye kompyuta kwa kawaida haikupi ruhusa ya kuiweka ndani ya programu ya simu, kwa hiyo soma leseni kabla ya kuipenda.

Chukua mafaili ya TTF au OTF. WOFF na WOFF2 ni za tovuti. Chukua kila uzito unaouhitaji kama faili lake, wa kawaida na mnene, na usichukue zaidi. Kisanduku cha kuandikia hakihitaji uzito tisa.

Faili likiwa kubwa na watumiaji wako wana simu zenye nafasi ndogo, lipunguze kwa `pyftsubset`, inayokuja na fonttools, ila kwa mkono mwepesi:

```
pyftsubset fonti_yangu.ttf --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-036F,U+2010-2026" --layout-features="*" --output-file=usajili_regular.ttf
```

Masafa ya pili hapo yanabeba herufi za Kilatini zenye alama, za fonetiki, vidoko, ritifaa ya U+02BC na alama za toni zinazokaa juu ya herufi. Ya tatu yanabeba vistari, ritifaa iliyopinda, kitone na nukta tatu. Sehemu ya `--layout-features="*"` ina kazi muhimu. Bila hiyo, kifaa hiki kinaweza kutupa kanuni za tarakimu zenye upana sawa tutakazozihitaji kwenye namba ya NIDA. Watu wengi hupunguza fonti hadi herufi za A mpaka Z na kufurahia udogo wa faili. Kwenye nembo ni sawa, kwenye kisanduku ni kosa. Pia, kama leseni imehifadhi jina la fonti, fonti uliyoipunguza lazima ipewe jina jingine, pamoja na jina lililo ndani ya faili.

Android kwa XML

Tengeneza folda `res/font` na uweke mafaili humo. Majina yawe na herufi ndogo, tarakimu na mstari wa chini tu. `Andika-Regular.ttf` itakataliwa wakati wa kujenga programu kwa sababu ya herufi kubwa na kistari. Iite `andika_regular.ttf`. Kisha unganisha uzito zote kwenye `res/font/andika.xml`:

```
<font-family xmlns:android="http://schemas.android.com/apk/res/android"
    xmlns:app="http://schemas.android.com/apk/res-auto">
    <font android:fontStyle="normal" android:fontWeight="400"
        android:font="@font/andika_regular"
        app:fontStyle="normal" app:fontWeight="400"
        app:font="@font/andika_regular" />
    <font android:fontStyle="normal" android:fontWeight="700"
        android:font="@font/andika_bold"
        app:fontStyle="normal" app:fontWeight="700"
        app:font="@font/andika_bold" />
</font-family>
```

Kurudia sifa kwa `android:` na kwa `app:` kunachosha, lakini usikuache kama programu yako inashuka chini ya Android 8.0. Hapo ndipo folda ya fonti ilipoingia kwenye mfumo wenyewe, na simu za nyuma husoma zile za `app:` kupitia AndroidX.

Kwenye kisanduku cha kawaida, `android:fontFamily="@font/andika"` inatosha, na kidokezo hufuata fonti hiyo hiyo. Ukitumia `TextInputLayout` ya Material, maktaba ya Google ya vipengele vya skrini, lebo inayopanda huchukua fonti ya kisanduku kilicho ndani yake, ila ujumbe wa kosa na maelezo ya chini yana mitindo yao. Njia fupi ni kuipa fonti `TextInputLayout` yenyewe kwa msimbo, kama inavyoonekana hapa chini.

Nywila ndiyo inayosumbua watu zaidi. Unaandika `android:inputType="textPassword"` pamoja na `fontFamily`, na kidokezo kinatokea kwa fonti yenye herufi za upana mmoja kama ya taipureta. Hujakosea tahajia. Kisanduku kinapoundwa, Android huona ni cha nywila na kukilazimisha kutumia fonti hiyo, na matakwa yako kwenye XML huwekwa kando. Dawa ni kuweka fonti baada ya kisanduku kuwa tayari:

```
val fonti = ResourcesCompat.getFont(this, R.font.andika)
binding.nywila.typeface = fonti
binding.sandukuNywila.typeface = fonti
```

Mstari wa pili ni wa kisanduku chenyewe, wa tatu ni wa `TextInputLayout` inayokizunguka.

Kisha inakuja jicho la kuonyesha nywila. Ukilitengeneza mwenyewe kwa kubadilisha `inputType` kila linapobonyezwa, fonti ya taipureta itarudi, na kishale kitaruka hadi mwanzo wa maandishi. Usiguse `inputType`. Badilisha `transformationMethod` peke yake, kisha rudisha kishale mahali pake kwa `setSelection`:

```
val nafasi = nywila.selectionEnd
nywila.transformationMethod =
    if (ionekane) null else PasswordTransformationMethod.getInstance()
nywila.setSelection(nafasi)
```

Bora zaidi, tumia `app:endIconMode="password_toggle"` ya Material. Inafanya hivyo hivyo ndani kwa ndani, na fonti yako inabaki salama.

Shida nyingine ya Android ni kukatwa kwa herufi. Fonti zenye nafasi kubwa juu husukuma maandishi chini, na mikia ya g, j na y hukatwa kwenye kisanduku ulichokipa urefu maalumu, tuseme 40dp (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini). Usiweke urefu maalumu. Tumia `wrap_content` na `android:minHeight="48dp"`, kimo ambacho kidole hukipata bila taabu. Ukishawishika kuweka `android:includeFontPadding="false"` ili maandishi yakae katikati, jaribu kwanza kuandika É na ɨ́, maana hiyo ndiyo sifa inayokata alama za juu.

Android kwa Compose

Hapa kazi ni nyepesi, na lile tatizo la taipureta halipo. Tengeneza familia:

```
val Andika = FontFamily(
    Font(R.font.andika_regular, FontWeight.Normal),
    Font(R.font.andika_bold, FontWeight.Bold)
)
```

Halafu usiiweke kisanduku kimoja kimoja. Iweke kwenye `Typography` ya `MaterialTheme`, na usiache `bodyLarge` wala `bodySmall`. Kwenye Material 3, maandishi, kidokezo na lebo iliyotulia hutumia `bodyLarge`, na lebo iliyopanda juu pamoja na ujumbe wa chini hutumia `bodySmall`. Aliyebadilisha `bodyLarge` tu huona lebo ikibadilika fonti inapopanda, jambo linalokera jicho hata la mtu asiyejua fonti ni nini. Vitone vya nywila hutoka kwenye `PasswordVisualTransformation`, ambayo hutumia kitone cha U+2022, na ndiyo sababu kimo kwenye orodha ya uchunguzi hapo juu.

iPhone

Buruta mafaili ndani ya Xcode na uhakikishe kisanduku cha lengo la programu (Target Membership) kimewekewa alama. Hilo likikosekana, faili litaonekana kwenye mradi lakini halitasafiri na programu. Kisha fungua `Info.plist`, ongeza `UIAppFonts`, na uorodheshe kila faili kwa jina lake kamili pamoja na kiambishi cha `.ttf`.

Jina unalotumia kwenye msimbo si jina la faili. Ni jina la PostScript lililomo ndani ya fonti, na halikisiwi. Lichapishe:

```
for familia in UIFont.familyNames {
    print(familia, UIFont.fontNames(forFamilyName: familia))
}
```

Kama fonti yako haimo kwenye orodha, rudi kwenye alama ya lengo au tahajia ya `Info.plist`. Kama imo, nakili jina kama lilivyo:

```
if let fonti = UIFont(name: "JinaUlilolipata", size: 17) {
    kijiji.font = UIFontMetrics(forTextStyle: .body).scaledFont(for: fonti)
    kijiji.adjustsFontForContentSizeCategory = true
}
```

Jina likiwa na kosa la herufi moja, `UIFont` hurudisha `nil` na kisanduku kinabaki na fonti ya mfumo kimya kimya. Wakati wa kutengeneza, weka `else` inayosimamisha programu ili kosa lionekane siku hiyo hiyo. `UIFontMetrics` inaifanya fonti ikue mtu anapoongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu yake. Fonti ya kuletwa haifanyi hivyo yenyewe, na wazee wanaosajiliwa vijijini ndio wanaoumia.

Kidokezo hufuata fonti ya kisanduku, isipokuwa umekiweka kwa `attributedPlaceholder`. Hapo fonti itaje ndani ya sifa zake. Kwenye nywila, baada ya kubadilisha `isSecureTextEntry`, weka tena `font`. Ni mstari mmoja, na unaepusha herufi kurudi kwenye fonti ya mfumo kwenye baadhi ya matoleo. Ujue pia kwamba nywila ikifichwa tena, herufi inayofuata hufuta yote yaliyoandikwa. Hiyo ni tabia ya `UITextField` yenyewe, haihusiani na fonti yako.

Kwenye SwiftUI: `.font(.custom("JinaUlilolipata", size: 17, relativeTo: .body))`.

Flutter

Makosa mengi ya Flutter yako kwenye `pubspec.yaml`, na mengi ni ya nafasi:

```
flutter:
  fonts:
    - family: Andika
      fonts:
        - asset: fonts/andika_regular.ttf
        - asset: fonts/andika_bold.ttf
          weight: 700
```

Kila ngazi ni nafasi mbili, na usitumie kitufe cha Tab. Ukisahau kutaja faili nene, Flutter italinenepesha la kawaida kwa kulipaka pembeni, na herufi zitaonekana kama wino uliovuja. Baada ya kuongeza fonti, simamisha programu na uianzishe upya kabisa. Kupakia upya kwa haraka hakuleti fonti mpya, na saa nyingi zimepotea hapo.

`ThemeData(fontFamily: 'Andika')` hufikia maandishi, kidokezo, lebo na makosa kwa pamoja. Lakini mahali popote ulipoandika `hintStyle` au `labelStyle` yako yenye `fontFamily` nyingine, hiyo ndiyo itakayoshinda. Pitia `InputDecoration` zote ukizitafuta.

Kuhusu kifurushi cha `google_fonts`: kwa kawaida hupakua fonti mtandaoni programu inapofunguliwa mara ya kwanza. Mjini Dodoma hutaona tofauti. Afisa aliyefungua programu kwa mara ya kwanza akiwa kijijini Bahi au Chamwino pasipo mtandao ataona fonti ya simu. Weka mafaili ndani ya programu na uzime upakuaji kwa `GoogleFonts.config.allowRuntimeFetching = false`. Kwa sababu hiyo hiyo, fonti za kupakuliwa za Android, zinazotegemea huduma za Google kwenye simu, hatuzipendekezi kwa programu za vijijini.

React Native

Android hutambua fonti kwa jina la faili, iPhone kwa jina lililo ndani ya fonti. Lipe faili jina lile lile la PostScript, na `fontFamily` moja itafanya kazi kote kuwili. Usiweke `fontWeight: 'bold'` juu ya fonti ya kuletwa: kwenye Android, likikosekana faili la uzito huo, kisanduku hurudi kwenye fonti ya simu. Taja familia nene kwa jina lake. Na kwenye `TextInput` yenye `secureTextEntry`, kidokezo hupatwa na ule ugonjwa wa taipureta tulioueleza. Kama `fontFamily` kwenye mtindo haikusaidia, ipe tena kupitia `ref` baada ya kisanduku kuonekana.

Kisanduku cha NIDA

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, zikigawanywa 8, 5, 5 na 2. Namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali ina 12. Hizi ndizo namba ambazo kosa la tarakimu moja humrudisha mtu foleni, na fonti ina sehemu yake.

Jambo la kwanza ni upana. Fonti nyingi zina 1 nyembamba kuliko 8, kwa hiyo tarakimu hutembea mtu anapoandika, na kulinganisha namba ya kwenye skrini na ya kwenye kitambulisho kunakuwa kugumu. Washa tarakimu zenye upana sawa: `android:fontFeatureSettings="tnum"` kwenye XML, `fontFeatureSettings = "tnum"` ndani ya `TextStyle` ya Compose, `FontFeature.tabularFigures()` kwenye Flutter, `fontVariant: ['tabular-nums']` kwenye React Native. Ikiwa fonti haina kanuni hiyo, hakuna kitakachobadilika na hakuna kosa litakalotokea. Andika 1111 juu ya 8888 uone kama zinalingana.

Jambo la pili ni kutosha. Fanya hesabu kabla. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya upana wa 360dp. Ukitoa 16dp kila upande wa skrini na 16dp kila upande ndani ya kisanduku, unabaki na 296. Fonti ya 16sp (sp ni dp inayokua na ukubwa wa maandishi aliouchagua mtumiaji) yenye tarakimu za upana wa 0.6 ya ukubwa wake inachukua 9.6 kwa tarakimu, yaani 192 kwa zote 20. Mtumiaji akiongeza ukubwa wa maandishi hadi 130%, ni 250, na vistari vitatu vinaongeza kama 22. Inaingia, lakini kwa shida. Akifika 200%, ukubwa ambao Android 14 inauruhusu, namba haitaonekana yote na mwanzo wake utajificha kushoto. Usipunguze fonti ili iingie. Ruhusu kisanduku kiwe na mistari miwili, au onyesha namba nzima kwa makundi chini yake.

Ritifaa inapofika kwenye hifadhidata

Hili linakaa mpakani mwa fonti na data, na huonekana kwanza kama tatizo la fonti. Afisa mmoja anasajili mkazi wa Chang'ombe kwa simu ya Android, na kibodi inatoa ritifaa iliyonyooka. Mwenzake anatumia iPhone, na kibodi inaigeuza kuwa iliyopinda. Kwenye fonti nzuri mbili hizi zinakaribia kufanana, kwa hiyo hakuna anayeona. Siku ya kutafuta, nusu ya wakazi wa Chang'ombe hawapatikani.

Kwenye iPhone, zima ugeuzaji huo kwa visanduku vya majina: `kijiji.smartQuotesType = .no`. Kisha, kwenye mifumo yote, geuza U+0027, U+2019, U+2018 na U+02BC zote kuwa sura moja uliyoichagua kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Fanya hivyo wakati wa kuhifadhi, usifanye mtu akiwa bado anaandika, la sivyo kishale kitaruka. Na kanuni yako ya kukagua jina isikatae ritifaa. Kisanduku kinachokubali "herufi tu" kinamkatalia mtu jina la kijiji chake.

Kupima

Tunza mstari mmoja wa majaribio na uubandike kwenye kila kisanduku, pamoja na kile cha nywila kikiwa wazi:

```
Ng'hong'onha Chang’ombe Kɨlaangi Ʉʉ Ɨɨ ɨ́ gjpqy É 0O 1Il 1111 8888
```

Tazama kila herufi kama ina unene ule ule na inakaa kwenye mstari ule ule. Alama iliyo juu ya ɨ́ ikikaa pembeni, fonti haina kanuni za kupanga alama, na hakuna msimbo utakaoirekebisha: badilisha fonti. Rudia kwa ukubwa wa maandishi wa 100%, 130% na 200%. Lazimisha ujumbe wa kosa utokee. Bonyeza jicho la nywila mara tatu mfululizo. Zima mtandao, futa programu, isakinishe upya na uifungue.

Halafu toka nje na simu ya bei nafuu kabisa uliyo nayo, saa saba mchana, usimame juani. Jua la Dodoma hula kwanza kidokezo cha kijivu, kisha mistari myembamba ya herufi. Fonti yenye uzito wa 300 iliyopendeza ndani ya ofisi haitasomeka hapo. Tumia 400 kwa maandishi na ukoze rangi ya kidokezo hadi kisomeke kwenye skrini hiyo hiyo, kwa mkono ulionyooshwa.